Kengele Niliyokwenda Kuipandisha Kamachumu

Watu wa Bukoba walinicheka niliponunua kreni. Mimi ni binti wa mkulima wa kahawa wa Nshamba, mke wa mwalimu, na kabla ya hapo nilikuwa muuzaji tu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Lakini nilikaa nyuma ya kaunta ile nikiona jinsi watu wanavyoteseka na vitu vizito. Tangi la maji linapandishwa ghorofani kwa kamba na makelele, jenereta inateremshwa kwenye lori kwa mbao mbili na sala. Nikamwambia mume wangu kwamba mji unaokua unahitaji kitu cha kunyanyulia. Alikwenda kufundisha kama kawaida, jioni akarudi akasema, "Kama umeshaota, basi tukope."

Kreni tuliifuata Dar es Salaam, mimi na opereta wangu. Ni gari la kawaida la mizigo lenye mkono wa chuma mgongoni, na miguu minne inayofunguka pembeni kulishikilia lisipinduke wakati wa kunyanyua. Opereta ni mwenyeji wa Kamachumu, na tulifahamiana dukani, alikokuwa akileta saruji kwa lori la tajiri mwingine. Safari ile ya kurudi ilikuwa ndefu. Yeye aliendesha, mimi nilimmenyea machungwa. Tulipoanza kuiona migomba ya Muleba alipiga honi ndefu bila sababu yoyote, ng'ombe wakakimbia, tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Tangu siku hiyo aliniita dada nami nikamwita kaka. Wanangu walimwita mjomba. Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, mama yake aliwakaanga kule Kamachumu, naye akatuletea nyumbani kwetu Kashai, mjini Bukoba, wakiwa bado na joto ndani ya chombo cha plastiki. Alinifundisha kuiendesha kreni ile uwanjani nyuma ya nyumba yetu, akisimama pembeni na kusema, "Polepole, dada. Mzigo una akili zake, uusikilize." Sikuwa na kaka wa tumbo moja. Nilimchukua yeye kuwa huyo.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kutoka ziwani, kama kawaida yake, na uwanja ulikuwa tope tupu. Tulikuwa na kazi mbili: asubuhi kupandisha tangi la maji juu ya nyumba ya wageni mjini, mchana kwenda Kamachumu kupandisha kengele kwenye mnara mpya wa kanisa moja la Kilutheri. Humo ndimo alimobatizwa opereta wangu. Kazi ile ilipopatikana nilimpigia simu yeye kabla ya mume wangu, kwa furaha.

Alichelewa. Mtu ambaye kwa kawaida hunikuta bado nasukutua, siku hiyo alifika jua limeshapanda, amekaa nyuma ya bodaboda, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Kaka, leo harusi ya nani?" nikamtania.

"Nakwenda kwetu, dada. Watu wataniangalia."

Nilipofungua sanduku la vifaa nikakuta mikanda mipya ya kunyanyulia haimo. Ilikuwa mikanda mizuri, ya rangi ya chungwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeishonea vipande vya turubai la kijani penye mikunjo ili isilike haraka. Ndani ya sanduku kulikuwa na ile ya zamani tu, iliyochakaa.

"Mipya niliisahau bandarini Kemondo tulipopakua ile mashine," akasema bila kunitazama. "Nitaipitia wiki ijayo. Hii itatosha."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Kazi ya tangi ilianza vizuri, ikaharibika katikati. Tangi likiwa juu hewani mkanda mmoja mkuukuu uliteleza, likainama upande na kuanza kuzunguka kama linatafuta njia ya kutoka. Liliukwanyua waya wa kuanikia nguo wa nyumba ya jirani, likaondoka na nguo zote. Mwenye nguo alikuwa bibi mmoja wa Kiislamu ambaye wazee wake walikuja Bukoba kutoka pwani zamani. Alitoka nje na ndoo mkononi, akainua uso, akaziona kanga zake zinapepea juu ya mapaa.

"Enyi watu!" akapaza sauti. "Nirudishieni nguo zangu kabla hazijafika Uganda!"

Barabara nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa woga zaidi kuliko raha. Opereta wangu alilishusha tangi taratibu, tukalifunga upya, na safari ya pili likapanda. Mfunga mizigo wetu, baba wa makamo asiyependa maneno mengi, alizikusanya zile kanga na kumpelekea bibi mwenyewe. Aliporudi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kengele tusiibebe kwa mikanda hii." Nikamjibu kwamba kengele si nzito kuliko tangi lenye pampu, na kwamba tumeshachelewa.

Tuliishika barabara ya Muleba. Tulipofika Muhutwe na kukata kona ya kupanda kuelekea Kamachumu, paipu ya mafuta yanayosukuma mkono wa kreni ilianza kuvuja. Tukasimama mlimani, tope kushoto, migomba kulia. Fundi wa Muhutwe alikuja na pikipiki, akaikata sehemu mbovu na kuiunga. Wakati wote huo opereta wangu alikuwa mbali kidogo, ameegemea mti, anaongea na simu. Alikata, akapigiwa tena, akasogea mbali zaidi. Nilidhani ni mkewe. Nilimhurumia hata: mtu anakwenda kwao siku kubwa kama hii, na mambo yote yanakwenda kombo.

Tulifika kanisani watu wameshasubiri sana. Kwaya ilikuwa imevaa sare, wazee wa kanisa wamekaa kwenye mabenchi yaliyotolewa nje, akina mama wamejaa chini ya miti. Kengele ilikuwa juu ya magogo mbele ya mnara, imefungwa utepe mweupe. Mama yake opereta alikuwepo pia, mzee mwembamba aliyejitanda kitenge, na fimbo mkononi. Alinikumbatia kwa muda mrefu. "Waitu, mpendwa, umemleta mwanangu," akasema, kana kwamba nilikuwa nimemtoa ng'ambo.

Ardhi ndiyo jambo la kwanza katika kazi yetu. Kabla ya kufungua miguu ya kreni huwa nazunguka na mtaimbo, nagonga chini, nasikiliza. Nilitaka tuiweke upande wa barabara, penye changarawe. Yeye akataka upande wa pili, kwenye nyasi.

"Huku mkono utafika vizuri zaidi," akasema. "Na watu wataona."

Nikauchukua mtaimbo. Wakati huohuo mke wa mchungaji akaja kunishika mkono. Chai ilikuwa tayari ndani, na wageni hawaanzi kazi bila kunywa chai. Nikasita.

"Nenda, dada," opereta wangu akasema, akiuchukua mtaimbo kutoka mkononi mwangu. "Usiwakatalie watu chai yao. Mimi hapa ni kwetu, nitapima."

Nikaenda. Chai ilikuwa ya maziwa, nzito, pamoja na ndizi za kuchoma na karanga. Mchungaji alinieleza walivyoichangia kengele ile kwa kahawa yao, familia moja baada ya nyingine. Mke wake aliniuliza habari za watoto. Nilikuwa mtu mwenye furaha kwenye kiti kile. Nadhani nikihesabu saa zangu za mwisho za kumwamini mtu bila kujiuliza, ni pale.

Nilipotoka miguu ilikuwa imeshafunguliwa, kila mmoja umekalia ubao mnene. Alininyooshea kidole gumba kutoka kwenye kiti chake. Mfunga mizigo akaifunga kengele mara mbili, akaijaribu mara tatu. Mchungaji akaomba. Kwaya ikaanza kuimba, na kengele ikaachana na magogo.

Ilipanda vizuri. Niliona kivuli chake kinapita juu ya nyasi, juu ya viatu vya wazee. Ilipofika karibu na usawa wa dirisha la mnara nilisikia sauti kutoka chini, kama mtu amevunja kuni kavu gotini. Mguu wa nyuma wa kreni ukazama. Haukuzama kidogo kidogo, ulitumbukia. Gari lote likainama, mkono ukayumba, kengele ikaenda upande na kuugonga mnara. Ilitoa mlio mmoja mkubwa ambao bado unanijia masikioni. Matofali mawili yakadondoka. Watu walipiga kelele, wakakimbia kila upande, mabenchi yakaanguka.

"Shusha!" nilipiga ukelele. "Kaka, shusha!"

Aliishusha. Sitamnyima haki yake: mikono yake haikutetemeka. Kengele ilifika kwenye nyasi ikiwa imelala ubavu, utepe umechafuka, lakini haikupasuka. Hakuna aliyeumia. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameanguka kwa kukimbia na kupoteza kofia, basi. Kreni ilibaki imeinama kama ng'ombe anayetaka kulala, gurudumu moja liko hewani.

Niliukimbilia ule mguu. Chini yake ubao ulikuwa umekatika vipande, na chini ya ubao palikuwa na tundu jeusi lililozungukwa na saruji ya kale. Harufu ya maji yaliyolala ikanipiga usoni. Watu wakakusanyika. Na hapo mama yake akafika, akiwapangua watu kwa fimbo, akichungulia.

"Omwana wange," akamwambia mwanawe, aliyekuwa ameshashuka kwenye kiti. Sauti yake ilikuwa ya mshangao tu, haikuwa na ubaya wowote. "Hapa si ndipo kwenye kisima cha mvua cha wamisionari? Si ndimo ulimotumbukia ukiwa mdogo, baba yako akakutoa kwa kamba? Umesahau?"

Alikuwa anaangalia shati lake, lililorukiwa na tope.

"Ulilia wiki nzima," mama akaendelea, akinigeukia mimi sasa, akitaka nimsaidie kumkumbusha. "Kila tukija kanisani anapazunguka mahali hapa kwa mbali. Hata alipokuwa kijana. Umesahauje?"

Nilimtazama mama, nikamtazama mwana. Ndani yangu kitu kilikuwa kinakataa kuelewa. Nilitaka aseme ndiyo, amesahau. Ningepokea neno hilo kwa mikono miwili.

Kabla hajasema lolote tukasikia mngurumo barabarani. Kreni nyingine ilikuwa inaingia kwenye uwanja wa kanisa, ya njano, mpya, inang'aa. Niliitambua, maana mji mzima ulikuwa unaizungumzia. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Muleba, muuza mabati, aliyewahi kuja nyumbani kwangu kunitaka nimuuzie yangu, nikakataa. Hakuna aliyekuwa amempigia simu. Hakukuwa hata na muda wa kumpigia. Kutoka Muleba mpaka pale si mwendo wa kufumba na kufumbua.

Mfanyabiashara alishuka akiwa amevaa koti, akampa mchungaji pole, akasema alikuwa jirani tu, kwenye senta ya Kamachumu, amesikia kelele. Yuko tayari kusaidia, kwa ajili ya kanisa. Nyuma yake, kwenye ndoano ya kreni ile, ilikuwa imening'inia mikanda ya rangi ya chungwa yenye vipande vya turubai la kijani.

Mfunga mizigo wangu aliiona kabla yangu. Alinishika kiwiko, akanielekeza kwa kidevu.

Nilimvuta opereta wangu nyuma ya gari letu, mahali ambapo watu wasingetusikia.

"Niambie umesahau kile kisima," nikasema.

"Dada..."

"Sema tu umesahau. Sikuulizi habari ya mikanda."

Alijipangusa tope kwenye shati. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejieleza kwa mwalimu, "Nilijua mguu utazama mapema. Wakati wa kufungua miguu, kabla ya kunyanyua chochote. Nilifikiri gari litainama kidogo tu, tuseme limeshindwa, basi ile nyingine ije. Mfuniko wa kisima ukashika. Nikasubiri. Ukashika. Nikadhani labda wameshajaza udongo ndani."

"Ukanyanyua."

"Watu walikuwa wanaimba, dada. Ningesemaje?"

"Chini ya kengele walikuwepo watu. Mama yako alikuwepo."

"Sikutaka mtu aumie." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Yule mzee wa mabati amenipa sehemu ya ile kreni. Ni yangu na yake. Wewe hujui. Miaka yote hii nikija hapa wananiambia, huyo ni dereva wa mama wa Bukoba. Dereva wa mama. Nilitaka mara moja tu, hapa kwetu, nipandishe kitu kwa mashine yangu."

Kama angeniambia hivyo nyumbani, mezani kwangu, akila chakula changu kama alivyokula siku nyingi, nadhani ningelia na kumtakia heri. Ningemsindikiza. Pengine ningemwachia kazi ile ya kengele iwe yake ya kwanza. Nilimwambia hivyo. Nilipomwambia, ndipo aliponitazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile, nikaona kwamba wazo hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

Mchungaji alikuja kuniuliza kwa upole kama nina kipingamizi. Watu wametoka mbali, mvua inarudi. Ningesema nini? Nikasema waendelee.

Kwa hiyo nilisimama kando ya gari langu lililoinama nikamtazama akipanda kwenye kreni ya njano. Safari hii aliiweka upande wa barabara, kwenye changarawe. Aliipandisha kengele kwa mikanda yangu, na aliipandisha vizuri sana, bila kuyumba, mpaka ikaingia dirishani mwa mnara kama mkono unaoingia kwenye mfuko. Watu walipiga vigelegele. Wanaume walimbeba begani. Mama yake hakupiga kigelegele. Alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi lililoanguka na kuinuliwa, fimbo magotini, anakitazama kile kisima. Alikuwa ameshaelewa, na hakuna aliyemweleza.

Mfanyabiashara alinifuata akaniambia gari langu limechoka, na kwamba anaweza kulivuta, na hata kulinunua kabisa kunipunguzia mzigo. Nikamwomba anirudishie mikanda. Akacheka, akasema ataangalia. Nikarudi kwenye gari langu.

Walionitoa pale ni watu wa kawaida waliobaki baada ya ibada fupi. Wakulima walileta magogo ya mikaratusi kutoka vibanja vya jirani, akina mama wakabeba mawe kwenye mabeseni na kujaza kisima mpaka juu. Mfunga mizigo alitanguliza jeki. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha opereta na kuunyanyua ule mguu kidogo kidogo, na mtu huyo hakuwa mwingine ila mimi. Nilipanda na gauni langu la heshima lililojaa tope. Nilizigusa levu moja moja kwanza, kama nilivyofundishwa uwanjani kwetu. Kisha nikaanza. Ilichukua muda mrefu, na mara moja gari liliguna vibaya mpaka watu wakaruka nyuma, lakini lilinyooka.

Niliiteremsha kreni ile kutoka Kamachumu mpaka Muhutwe mwenyewe, kwa gia ndogo, mfunga mizigo akiwa pembeni yangu. Tukafika barabara ya lami. Hapo akasema, "Mimi mikanda niliiona tangu juzi. Kwenye gari la yule mzee wa mabati, pale Muleba. Nilidhani umemwazima." Nikamwambia hakukosea kudhani.

Nyumbani mume wangu aliliona gari, akaniona mimi, akaenda kuchemsha maji ya kuoga. Mtoto wetu wa mwisho alikuja mbio akachungulia upande wa opereta. "Mjomba yuko wapi?" Nikasema amebaki kwao.

Mama yake alikuja Kashai baada ya siku kadhaa. Alikuja peke yake, na mkungu wa ndizi juu ya bodaboda. Hakutaka kukaa kwenye kochi, alikaa kwenye mkeka.

"Sikuja kumwombea," akasema. "Yeye ana mdomo, aje mwenyewe. Mimi nimekuja kwa sababu nilikula kwako, na watoto wako walikula kwangu. Hilo lisife."

"Halijafa, mama," nikamwambia.

"Amekuja kwako?"

"Hapana."

Aliinamisha kichwa. Tulimenya ndizi pamoja, tukapika, akala, akanibariki, akaondoka kabla ya giza. Amekuja mara nyingi tangu siku hiyo, na hajamtaja hata mara moja.

Kazi inaendelea. Nilikwenda kusoma, nikapata leseni, na sasa mimi ndiye opereta wa kreni yangu. Mwezi uliopita nilisimama Muleba kujaza mafuta, na kreni ya njano ikaingia nyuma yangu. Alishuka. Amenenepa kidogo, na nywele za pembeni zimeanza kuwa na mvi. Alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Dada," akasema.

Nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya siku kama hiyo, mengi, makali. Hayakuja. Nilimwuliza kama mama yake anaendelea vizuri na goti lake. Akasema anaendelea. Akasimama hapo akisubiri kitu kingine, ameshika ukingo wa mlango wangu, na mimi nikawa namtazama yule kijana wa pampu anavyofunga tangi. Kisha nikawasha gari. Aliuachia mlango bila kuambiwa.

Nilikuwa na kazi Nshamba, mashine ya kukoboa kahawa inasubiri kushushwa, na wenyewe walishapiga simu mara mbili kuniuliza niko wapi.